Waliobaki Wodini

Nje ya ofisi ya matroni kulikuwa na ubao wa matangazo. Kila baada ya muda karatasi mpya ilibandikwa pale: nani kapandishwa cheo, nani anakwenda masomoni, nani kahamishwa, nani anastaafu, nani kafiwa na rambirambi zipelekwe kwa nani. Sisi wauguzi tuliisoma kwa kupita, tukiwahi kupokea zamu. Akina mama wenye watoto wodini waliisoma kwa makini kuliko sisi, na asiyejua kusoma alimwomba mwenzake amsomee. Walitafuta kitu kimoja tu: kama sista aliyezoeana na mtoto wao yumo kwenye orodha ya wanaoondoka.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliuguza watoto wenye saratani, kwanza Ocean Road, kisha Muhimbili baada ya huduma ya watoto kuhamishiwa huko mwaka 2011. Kabla ya hapo nilipita hospitali nyingine za mikoani, na baadhi ya ninayoyasimulia niliyaona huko. Sasa nimestaafu, na watu hunijia na swali lilelile: tunataka kuisaidia wodi ya watoto, tupeleke nini? Jibu langu ni moja. Saidieni watu wabaki. Mama abaki kando ya mtoto wake, mtoto abaki kwenye ratiba ya dawa, na mfanyakazi anayeijua kazi abaki kwenye wodi anayoijua.

Nianze na mfanyakazi, maana yeye ndiye anayesahaulika.

Dawa mojawapo tuliyoitumia sana inaitwa vinkristini. Hutokana na mmea wenye maua ya rangi ya waridi, asili yake Madagaska, ambao huota hata kwenye viwanja vya mchanga vya Dar es Salaam bila mtu kuumwagilia. Imesaidia kuponya watoto wengi duniani wenye saratani ya damu na ya figo. Lakini ni dawa ya kuingia kwenye mshipa wa damu, basi. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake huchelewa sana kupona. Na siku ambayo mtoto anachomwa pia dawa nyingine kwenye uti wa mgongo, mtu akizichanganya hizo mbili, vinkristini ikaingia mgongoni, huua.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka 3, amekonda, mishipa yake imechomwa wiki baada ya wiki. Muuguzi mgeni anaona mkono. Muuguzi mzoefu anajua kwamba mshipa wa mkono wa kushoto umechoka tangu juma lililopita, kwamba ule wa karibu na kifundo cha mguu bado mzima, kwamba mtoto huyu akilazwa anapigana lakini akipakatwa anatulia, na kwamba mama yake aanze kumwimbia kabla sindano haijaonekana. Anafunga mpira, anapapasa kwa ncha ya kidole, anangoja mshipa ujitokeze. Kanula inaingia mara moja. Anavuta kidogo aone damu ikirudi, anasukuma maji ya chumvi, anaitazama ngozi kama inavimba. Ndipo dawa inaingia, polepole, jicho lake haliondoki pale hadi tone la mwisho, kisha maji ya chumvi tena. Mtoto amelia kidogo tu. Mama ameshusha pumzi. Na yote hayo yamefanyika kabla ya chai ya saa nne, na bado kuna watoto wengine kwenye foleni.

Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye faili. Muuguzi akihamishwa, anaondoka nao. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, mwenzetu alipelekwa mafunzo ya uuguzi wa saratani, akarudi na cheti chake, na kabla hata hajamaliza kutufundisha alichojifunza akapangiwa idara nyingine kwa sababu huko kulikuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa wa kweli, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba kwenye karatasi ile ya ubaoni lilikuwa jina moja kati ya mengi, ila kwa wodi yetu ilikuwa sawa na kung'olewa mlango. Watoto waliochomwa mara moja wakaanza kuchomwa mara tatu, mara nne. Akina mama wakaanza kuogopa siku ya dawa. Mmoja akaniambia wazi, "Dada, mimi naona nikae nyumbani kwanza hadi yule sista arudi." Sista hakurudi.

Kuna wengine ambao hata ubaoni hawaandikwi. Nawakumbuka wahudumu, wale wanaopiga deki, wanaobeba matandiko, wanaosukuma kiti cha magurudumu kwenda chumba cha picha. Mmoja wao alikuwa mzaliwa wa Shinyanga. Wodi ya rufaa hupokea watoto kutoka nchi nzima, na si kila mama anayefika anakijua Kiswahili cha kuelewa maneno ya daktari. Mama wa Kisukuma anaweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima, akaitikia tena "ndiyo", na asiwe ameelewa kwamba mtoto wake atatibiwa kwa miaka miwili na zaidi. Mhudumu yule alikuwa akiegemeza ufagio wake ukutani, anachuchumaa mbele ya mama, anamwamkia kwa lugha ya kwao, kisha anamweleza upya tangu mwanzo. Niliona nyuso zikibadilika. Maswali ambayo hayakuwahi kutoka mbele ya koti jeupe yalitoka hapo: je, nywele zitaota tena, je, ugonjwa huu unaambukiza wadogo zake, je, ni mtu kamfanyia? Mkataba wa kampuni ya usafi ulipokwisha, ikaja kampuni nyingine na watu wengine. Sakafu iliendelea kung'aa, lakini mtu wa kuzungumza na wale akina mama alikuwa ameondoka, na hakuna aliyeandika popote kwamba tumempoteza mkalimani.

Kwa upande wa familia, kinachowaondoa wodini mara nyingi si ukaidi. Kuna saratani inayoitwa ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wa Uganda waliovimba taya katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ni uvimbe unaokua kwa kasi kuliko karibu yoyote mwingine; unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na kwa kasi hiyohiyo husikia dawa. Mtoto anaingia, jicho limesukumwa nje, meno yanalegea, hawezi kutafuna. Anapata mzunguko wa kwanza wa dawa, na kabla ya wiki kwisha uso umeanza kurudi. Ni furaha kubwa, na hapohapo ndipo penye hatari. Mama anamtazama mwanawe anakula ugali, na nyumbani kaacha watoto wengine wanne, mvua zimeanza, shamba halijalimwa. Anaona mtoto kapona. Anaaga. Anarudi baada ya miezi miwili uvimbe ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza, na safari hii dawa hazisikii tena.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Sababu linazozitaja ni pamoja na ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na familia kuacha matibabu katikati. Mwaka 2018 likajiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa wapone. Nikiyasoma maneno "kuacha matibabu" huwa nawaona akina mama ninaowajua kwa sura, na najua hakuna hata mmoja aliyeacha kwa kutompenda mwanawe.

Kwetu Tanzania mtoto wa chini ya miaka 5 anasamehewa gharama za matibabu katika hospitali za serikali, na saratani imo katika magonjwa sugu yanayosamehewa. Ofisa wa ustawi wa jamii anajaza fomu, dawa inatolewa. Ni jambo kubwa na linastahili kusifiwa. Lakini msamaha haulipi nauli ya basi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Baba anauza mbuzi kwa safari ya kwanza, anauza baiskeli kwa ya pili, na ya tatu hana cha kuuza. Ni faraja kwamba siku hizi Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi nako watoto wenye saratani wanatibiwa, ila kwa mtoto wa kijijini hata huko ni mbali.

Na hata nauli ikipatikana, kuna jambo la homa. Dawa za saratani zinapunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa baada ya wiki moja hadi mbili. Ni siku hizohizo ambazo mtoto, akiwa ameruhusiwa, angekuwa ameshafika kijijini. Homa inayompata wakati huo haingoji asubuhi. Anatakiwa achomwe dawa za kuua vijidudu ndani ya saa moja. Kijijini saa moja haitoshi hata kumtafuta mwenye pikipiki. Ndiyo maana nyumba ya kulala karibu na hospitali, nyumba ya kawaida yenye vitanda, jiko na bomba la maji, inaokoa maisha kama dawa yenyewe. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi bega kwa bega na Muhimbili katika tiba ya saratani za watoto, na ambalo Daktari Trish Scanlan kutoka Ireland amekuwa akiliongoza, lilielewa hivyo mapema. Likawa na nyumba ya familia iitwayo Ujasiri House. Akina mama walipika pamoja, wakafua pamoja, wakafundishana. Aliyekaa miezi sita alimwonyesha mgeni namna ya kumpima mtoto homa, namna ya kumsafisha kinywa chenye vidonda, na neno la kumwambia baba anayepiga simu kila jioni akiuliza mnarudi lini. Sisi wauguzi tungesema hayo yote na mama asituamini. Mwenzake mwenye mtoto mwenye kipara kama wa kwake alimwamini.

Sasa nije kwa wanaoleta misaada, maana wengi wana moyo mwema na nasema haya kwa kuwaheshimu.

Misaada mingi huja kwa tarehe. Sikukuu za Desemba, siku ya wanawake Machi, Februari 15 ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Saratani kwa Watoto. Kampuni moja ilikuja na fulana zake, bango lake, mpiga picha, na maboksi ya juisi, pipi na sabuni. Wageni walikuwa wengi, wakapita kitanda kwa kitanda, wakawabeba watoto. Wawili kati yao walikuwa na mafua. Niliwaomba wabaki nje ya mlango, na nadhani walinichukia kwa muda. Sabuni zilitusaidia, sitakana. Ila juma lile mtoto mmoja alikuwa akitoka damu puani tangu alfajiri, na kilichohitajika hakikuwa ndani ya boksi lolote.

Alihitaji chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha. Damu nyekundu ikitunzwa vizuri kwenye baridi hukaa kama siku 35. Chembe sahani hazikai hivyo. Hutunzwa kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 24, juu ya mashine inayozitikisa bila kusimama, na baada ya siku 5 hazifai. Kwa hiyo zoezi kubwa la kuchangia damu la siku moja, hata wakijitokeza watu mia tatu, haliwapatii chembe sahani watoto wa juma la pili yake. Mtoto wa saratani ya damu anahitaji watu wachache wachangie Jumatatu, wengine Alhamisi, wengine Jumatatu inayofuata, mwaka mzima, hata mwezi ambao hauna sikukuu.

Niliwahi kuona kikundi kilichoelewa. Walikuwa akina mama wa kikoba, wauza samaki na vitenge, na mwenyekiti wao alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Alikuja peke yake kwanza, bila mzigo wowote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi, akauliza, "Mwanangu, hapa mnakosa nini ambacho watu hawawaletei?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na mfadhili. Nikamwambia nauli. Akauliza kiasi gani na kwa nani, nikamwita ofisa wa ustawi wa jamii wakakaa pamoja. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi walileta bahasha kwake, yeye akaandika jina, mkoa na kiasi, na mama akasaini au akaweka dole gumba. Hapakuwa na picha. Mwezi wa Ramadhani walileta futari na wakahakikisha mama Mkristo naye amekula. Kwaya moja ya jirani nayo ikachukua jukumu la uji wa Jumapili bila mtu kuwaomba. Kwa bahasha ile niliona watoto wakirudi kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi zao, na kliniki ikarudi kuwa na kelele za watoto ambao tulikwishaanza kuwahofia.

Nakumbuka pia baba mmoja wa Rufiji. Mtoto wake alitufia usiku. Muuguzi aliyekuwa zamu alimwosha, akamvika, akakaa na mama hadi ndugu wakafika, kisha saa kumi na mbili asubuhi akawapima homa watoto wengine wote na kuandika ripoti, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Wauguzi wa watoto wanaishi hivyo, na wengi wao hawasemi. Baada ya wiki kadhaa baba yule alirudi na kiroba cha mchele wa shambani kwake. Akasimama mlangoni, akataja usiku ule, akaomba awaone waliokuwa zamu awashukuru kwa mkono wake. Yule muuguzi alikuwa ameshahamishwa. Tukampigia simu, baba akaongea naye palepale ukumbini, na yule dada, ambaye hakuwahi kulia mbele yetu, alishindwa kujibu.

Nimetafakari sana kuhusu simu ile. Wafanyakazi wa wodi ya watoto wanapata pongezi siku ya kustaafu, keki, kitenge na hotuba ndefu. Wanazihitaji mapema zaidi. Wanahitaji mtu wa kuzungumza naye baada ya usiku kama ule, wanahitaji likizo isiyokatwa katikati, nafasi ya masomo, na uhakika kwamba wakishajifunza kazi hii adimu wataachwa waifanye. Anayetaka kuisaidia hospitali ya watoto na ana uwezo mkubwa, alipie mafunzo ya muuguzi na akubaliane na uongozi kwa maandishi kwamba muuguzi huyo atabaki wodini miaka kadhaa. Hilo halipigiki picha nzuri, lakini watoto watalijua kwenye mishipa yao.

Na asiye na uwezo mkubwa, ninalo ombi. Kabla hujanunua chochote, nenda umwone inchaji wa wodi au ofisa wa ustawi wa jamii, umuulize kama alivyouliza yule mama wa kikoba. Pengine atakuambia nauli. Pengine atakuambia mafuta ya kupikia kwenye nyumba ya familia, au mtu anayejua Kiha wa kuja mara moja kwa juma. Na kama una umri wa miaka 18 hadi 65, una afya njema na uzito wako haupungui kilo 50, nenda kituo cha damu salama kilicho karibu nawe. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mkiwa watu ishirini ofisini au mtaani, msiende wote siku moja. Gawaneni majuma.